Sikukuu za Taa Katika Nchi za Usiku Mrefu

Hakuna marefu yasiyo na ncha, walisema wahenga wetu. Pengine hakuna watu wanaoujua ukweli wa methali hiyo kuwashinda wakazi wa kaskazini ya mbali ifikapo mwezi wa Desemba. Huku kwetu mwezi huo ni wa jua na likizo. Shule zimefungwa, mabasi ya kwenda mashambani yamefurika, na watoto wanahesabu siku zilizobaki kabla ya Krismasi. Huko kwao ni mwanzo wa baridi kali, na jua lenyewe limegeuka kuwa mgeni anayebisha hodi na kuaga kabla hajakaribishwa kiti.

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna namna yetu ya kuhesabu saa. Jua likishachomoza tunaanza: saa moja, saa mbili, saa tatu, hadi saa kumi na mbili jioni linapozama, kisha tunaanza upya hesabu ya usiku. Hesabu hiyo haitutupi kwa sababu tunaishi kwenye ikweta, ambako mchana na usiku hugawana siku nusu kwa nusu. Jijini Nairobi, tofauti baina ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni dakika chache tu, wala hakuna anayeitambua.

Sasa ichukue saa hiyo uende nayo Stockholm, mji mkuu wa Sweden, katikati ya Desemba. Jua litachomoza yapata saa mbili na dakika 36 asubuhi, na litazama saa nane na dakika 47 alasiri. Mtu akihesabu saa zake tangu macheo, magharibi itamkuta saa sita! Akisonga mbele hadi Tromsø, kaskazini mwa Norway, hatahitaji kuhesabu kabisa, kwani huko jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Wengi hudhani kwamba baridi hiyo huja kwa sababu dunia imeenda mbali na jua. Sivyo. Dunia hulikaribia jua kuliko wakati mwingine wote wa mwaka mapema mwezi wa Januari. Sababu hasa ni kwamba dunia imeinama kwa kiasi cha digrii 23.5, na mwezi wa Desemba upande wake wa kaskazini huwa umelipa jua kisogo. Kuanzia mwishoni mwa Juni mchana hupungua kidogo kidogo, hadi tarehe 21 au 22 Desemba.

Ni katika majuma hayo ya mwisho, baridi ikianza na giza likizidi, ndipo watu wa nchi hizo walipopanga sikukuu zao kwa karibu karibu, mithili ya mtu anayepanga mawe ya kukanyagia ili avuke mto. Hebu tuzifuate tarehe baada ya tarehe, msomaji, tuone wanavyovuka.

Nusu ya joho

Tuanzie Ujerumani, tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin. Katika miji ya bonde la mto Rhine, kama vile Köln na Düsseldorf, saa kumi na moja za jioni giza huwa limeanza kutanda. Hapo watoto wa shule za chekechea na za msingi hutoka barabarani wakiwa wameshika taa za karatasi walizojitengenezea wenyewe darasani, nyingine zikiwa na umbo la mwezi, nyingine la samaki au nyota. Huandamana wakiimba, na mbele yao hutangulia mtu aliyepanda farasi, amevaa joho jekundu. Mwisho wa safari moto mkubwa huwashwa, na kila mtoto hupewa mkate mtamu wenye umbo la mtu.

Mpanda farasi huyo ni mfano wa Martin, askari wa dola la Kirumi aliyeishi katika karne ya nne. Husimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens nchini Ufaransa, alimwona maskini aliyekuwa karibu uchi. Martin hakuwa na fedha. Alichomoa upanga wake, akalikata joho lake vipande viwili, akampa maskini kipande kimoja. Baadaye aliacha uaskari, akawa askofu wa Tours, na alifariki mwaka 397. Mwanamageuzi Martin Luther alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, na ndiyo maana akapewa jina hilo.

Zamani siku hiyo ilikuwa pia mwisho wa mwaka wa mkulima. Mavuno yalikuwa ghalani, kodi za mashamba zililipwa, na mifugo ambayo isingepata malisho wakati wa theluji ilichinjwa. Hadi leo familia nyingi hula nyama ya bata bukini siku hiyo. Hata hivyo, watoto hawalikumbuki sana bukini. Kinachowakaa akilini ni taa na lile joho lililokatwa. Wanafundishwa, kabla baridi haijakolea, kwamba mwenye joho asimpite asiye nalo.

Jambo moja zaidi la kuzingatia: Martin hakuwa Mjerumani wala Mfaransa. Alizaliwa mahali ambapo leo ni nchi ya Hungary, akakulia Italia. Alikuwa mgeni.

Askofu kutoka mbali

Tukivuka mpaka kuingia Uholanzi, tunakuta shangwe nyingine. Katikati ya Novemba watoto hukusanyika bandarini kumlaki Sinterklaas, yaani Mtakatifu Nicholas, mzee wa ndevu nyeupe na kofia ya kiaskofu, ambaye husemekana huwasili kwa meli kutoka Hispania. Kuanzia hapo watoto huweka viatu karibu na meko usiku, na ndani yake karoti kwa ajili ya farasi wa mzee. Asubuhi hukuta karoti imetoweka na mahali pake pana peremende au herufi ya kwanza ya jina lao iliyotengenezwa kwa chokoleti.

Kilele ni jioni ya tarehe 5 Desemba. Familia hukaa pamoja, na kila zawadi huambatana na shairi la utani ambalo mtungaji wake hajitaji. Baba mchoyo atasomewa uchoyo wake, binti asiyeamka mapema atasomewa usingizi wake, na wote watacheka. Ni desturi ambayo jamii zetu zenye watani zingeielewa mara moja. Walowezi wa Kiholanzi walimpeleka mzee huyo Marekani, na kutokana na jina lake likatokea lile la Santa Claus ambalo sasa linajulikana hadi katika maduka yetu makubwa.

Lakini sherehe hiyo ilikuwa na doa. Mwaka 1850 mwalimu mmoja, Jan Schenkman, alichapisha kitabu cha watoto kilichomwonyesha askofu akiwa na mtumishi mweusi. Mtumishi huyo alikuja kuitwa Zwarte Piet, maana yake Piet Mweusi. Kwa miaka mingi Waholanzi weupe walijipaka rangi nyeusi usoni, wakavaa nywele za bandia za kipilipili na kukoleza midomo kwa rangi nyekundu, wakirukaruka kumfurahisha mzee. Kumbuka kwamba kitabu kilipotoka, utumwa ulikuwa bado halali katika makoloni ya Uholanzi. Ulipigwa marufuku mwaka 1863.

Watoto wenye asili ya Kiafrika walitaniwa shuleni kwa jina la Piet. Wazazi wao waliponung'unika waliambiwa kwamba ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 2011 polisi waliwakamata wanaharakati mjini Dordrecht kwa kuvaa fulana zenye maneno ya kupinga jambo hilo. Ubishi ukapamba moto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi wa rangi iliitaka Uholanzi iirekebishe sherehe hiyo, na mwaka 2020 Waziri Mkuu Mark Rutte, ambaye awali alikuwa ameitetea, alikiri kwamba msimamo wake umebadilika. Siku hizi katika miji mikubwa Piet hujipaka masizi kidogo tu mashavuni, kama mtu aliyepenya kwenye bomba la moshi. Si kila kijiji kilichokubali, lakini mkondo wa maji umegeuka.

Ajabu ni kwamba mwenye sherehe mwenyewe, Mtakatifu Nicholas, alikuwa askofu wa Myra, mji uliokuwa mahali ambapo leo ni Uturuki. Naye pia alikuwa mtu wa nchi za jua.

Mishumaa miwili dirishani

Tarehe 6 Desemba tunapanda kaskazini zaidi, hadi Finland. Siku hiyo mwaka 1917 nchi hiyo ilijitangazia uhuru kutoka kwa Urusi. Sisi Wakenya, ambao pia tulipata uhuru wetu mwezi wa Desemba, tumezoea Jamhuri yenye jua, gwaride na uwanja uliojaa watu. Uhuru wa Wafini ni wa kimya. Saa kumi na mbili jioni, wakati jua limeshazama kwa muda mrefu, kila nyumba huwasha mishumaa miwili na kuiweka dirishani hadi saa mbili usiku. Wanafunzi wa vyuo vikuu jijini Helsinki huandamana wakiwa na mienge kutoka makaburini hadi katikati ya mji. Katika makaburi ya wanajeshi, maelfu ya mishumaa humetameta juu ya theluji.

Kwa nini mishumaa miwili? Inasimuliwa kwamba wakati wa utawala wa Urusi, vijana waliotoroka kwa siri kwenda ng'ambo kujifunza uaskari walitafuta nyumba za kujificha njiani. Nyumba yenye mishumaa miwili dirishani ilikuwa na maana moja: ingia, hapa utapata chakula na mahali pa kulala. Wafini wana neno lao, kaamos, kwa majira yale ambayo jua halionekani kabisa kule kaskazini mwa nchi yao. Kwa watu wanaoishi na kaamos, taa dirishani si pambo.

Msichana mwenye taji la moto

Sasa tuvuke bahari nyembamba kurudi Sweden, kwani juma linalofuata ndilo juma lao kuu. Tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Alfred Nobel mwaka 1896, tuzo zenye jina lake hutolewa mjini Stockholm, isipokuwa ile ya amani ambayo hutolewa Oslo, Norway. Ni katika baridi hiyo ya Oslo, mwaka 2004, Profesa Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata.

Siku mbili baadaye ni Jamhuri yetu. Mkenya anayeishi Stockholm akikesha na wenzake kuisherehekea, kisha akatoka nje alfajiri ya tarehe 13, atakuta mji mzima ukijiandaa kwa jambo jingine. Katika shule, makanisa, hospitali na ofisi, kungali giza totoro, mlango hufunguliwa na sauti za kuimba zikasikika. Hutangulia msichana aliyevaa kanzu nyeupe na utepe mwekundu kiunoni, na kichwani ana taji la mishumaa inayowaka. Huyo ndiye Lucia. Nyuma yake hufuata wasichana wenye mshumaa mmoja mmoja mkononi na wavulana waliovaa kofia ndefu zilizochongoka, zenye nyota. Wagonjwa huinuka vitandani kuwatazama. Baadaye hunywewa kahawa pamoja na mikate midogo ya rangi ya manjano, iliyokunjwa kama herufi S na kupambwa kwa zabibu kavu. Rangi hiyo hutokana na zafarani, ileile wanayoijua wapishi wa biriani wa Lamu na Mombasa.

Lucia wa kweli alikuwa binti wa Sirakusa, katika kisiwa cha Sicily kusini mwa Italia, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake yapata mwaka 304. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nuru. Hadithi husema aliwapelekea chakula Wakristo waliojificha mapangoni, na kwa kuwa mikono yake ilijaa vyakula, alijifunga taa kichwani ili aione njia.

Lakini ilikuwaje binti wa Sicily akawa malkia wa baridi ya Sweden? Jibu limo katika kalenda. Kabla ya mwaka 1753 Sweden ilitumia kalenda ya zamani, iliyokuwa imepotoka kwa siku kadhaa, hivyo usiku wa Lucia ulihesabiwa kuwa ndio mrefu kuliko wote. Wakulima waliamini kwamba usiku huo mashetani yalizurura na mifugo ilisema kama watu. Haikuwa salama kulala, kwa hiyo watu walikesha, wakala na kuwasha taa. Kalenda ikabadilishwa, desturi ikabaki. Maandamano ya hadhara ya Stockholm yalianza kupata umaarufu mwaka 1927, pale gazeti moja la mji huo lilipoandaa mashindano ya kumchagua Lucia wa jiji.

Hapa napo swali la Uholanzi lilijitokeza. Mwaka 2016 duka moja kubwa lilichapisha tangazo lenye picha ya mtoto mwenye ngozi nyeusi akiwa amevaa taji la Lucia. Matusi yalimiminika mtandaoni hadi tangazo likaondolewa. Lakini watu wengine wengi nchini humo walijitokeza kumtetea mtoto huyo, wakachapisha picha zao za utotoni wakiwa Lucia, ili ajue kwamba taji ni lake pia. Waliomtukana walisahau kwamba bila binti mgeni kutoka kusini, hata hiyo sikukuu wasingekuwa nayo.

Usiku mrefu kuliko wote

Hatimaye tunafika tarehe 21 Desemba au karibu yake, mwisho wa giza. Tusidhani kwamba ni watu wa Ulaya pekee wanaoiadhimisha. Nchini Iran, ambayo wazee wetu waliiita Uajemi, usiku huo huitwa Yalda. Unazidi saa 14, ingawa kwa hakika unaushinda usiku wa jana yake kwa muda usiofika hata dakika moja. Kwa Wairani, muda huo mdogo unatosha kuwa sababu ya kutolala.

Ukoo hukusanyika nyumbani kwa babu na bibi. Zamani wote waliketi kuizunguka meza fupi yenye makaa chini yake, miguu ikiwa imefunikwa kwa mfarishi mmoja mkubwa, na nyumba nyingine bado hufanya hivyo. Mezani huwekwa njugu, makomamanga na tikiti maji, matunda yenye wekundu wa mapambazuko. Kisha mkubwa wa nyumba hufungua kitabu cha mashairi ya Hafez, mshairi wa karne ya 14 wa mji wa Shiraz, popote kitakapofunguka, na kila mtu husomewa bahati yake. Watu wa pwani yetu watatabasamu wakilisikia jina la Shiraz, kwani ndilo linalobebwa na Washirazi wa Afrika Mashariki, na sherehe ya mwaka mpya ya Nairuzi iliyojulikana katika pwani hii asili yake ni Uajemi.

Neno Yalda lenyewe si la Kiajemi. Liliingia kutoka lugha ya Kisiria, iliyozungumzwa na Wakristo wa kale, na maana yake ni kuzaliwa. Ni ndugu wa neno letu Maulidi. Kinachozaliwa usiku huo ni jua, kwa sababu kesho yake mchana huanza kurefuka. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuweka usiku wa Yalda katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa maombi ya Iran na Afghanistan kwa pamoja.

Uchina nao, siku hiyohiyo, huadhimisha Dongzhi, maana yake kufika kwa baridi. Watu wa kaskazini hula vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama na mboga, mfano wa sambusa lakini vya kuchemshwa. Watu wa kusini hula vidonge vya unga wa mchele ndani ya mchuzi mtamu, na umbo lake la mviringo huashiria familia iliyo pamoja. Wajapani huoga maji moto yenye matunda ya jamii ya malimau yanayoelea, wakiamini yatawakinga na mafua.

Kwa mwenye mtoto majuu

Je, sisi wa ikweta tunafaidika nini kwa kuyajua haya? Kila mwaka vijana wetu hupanda ndege mwezi wa Agosti au Septemba kwenda kusoma katika nchi hizo. Hufika kungali na joto. Wazazi huwafungia makoti na masweta, wakidhani adui ni baridi. Baridi ina dawa, nayo ni koti. Kinachowalemea wengi ni giza. Kijana huingia darasani kabla ya mapambazuko, hutoka jua limeshazama, hujifungia chumbani, hulala kupita kiasi na huanza kuona maisha hayana maana. Madaktari wanaifahamu hali hiyo ya huzuni ya majira. Wanafahamu pia kwamba ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, hivyo ni busara kijana amwone daktari mapema kuhusu vidonge vya kuiongeza, na atoke nje mchana hata kama ni kwa nusu saa tu.

Zaidi ya hapo, mpigie simu. Stockholm iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili katika majira hayo, kwa hiyo jua huzama kwake wakati saa yako inakaribia saa kumi na moja jioni. Hiyo ndiyo saa anayohitaji kusikia sauti ya nyumbani. Muulize kama kuna taa dirishani mwake. Akialikwa na majirani kutazama Lucia, kula bukini wa Martin au kukaa usiku wa Yalda na wanafunzi wenzake kutoka Iran, mwambie aende, hata kama haielewi lugha wala imani yao. Tena abebe chochote cha kwao, hata ikiwa ni majani ya chai ya Kericho au mandazi aliyokaanga mwenyewe.

Asiende kwa unyonge. Martin alitoka Hungary, Nicholas alitoka Uturuki, Lucia alitoka Sicily, na hata jina la Yalda lilikuja na watu wa lugha nyingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukizitazama kwa makini, hakuna hata moja kati ya sikukuu hizi inayoweza kusherehekewa na mtu aliye peke yake. Joho lahitaji wa kugawiwa, shairi lahitaji wa kutaniwa, na mshumaa wa dirishani ni kwa ajili ya yule aliye nje.

Kisha mwambie avumilie. Baada ya tarehe 21 mchana huanza kurudi, mwanzoni kwa sekunde chache, na mwishoni mwa Januari mchana wa Stockholm huwa umerefuka kwa zaidi ya saa nzima. Usiku ule mrefu kuliko wote una ncha, na watu wa huko wameishi nao kwa karne nyingi kwa kuwashiana taa.